Pia na Sindano: Kofia Saba, Wiki Saba

Novemba ikiingia, barua zenu za kufuma na kusokota huongezeka, na karibu zote zinataja Krismasi. Huku Kinangop mvua za vuli bado zinanyesha, sufu niliyoianika Jumatatu leo Alhamisi ina unyevu bado, nami nimekaa karibu na jiko nikizisoma moja moja. Nimezipanga kwa jinsi zilivyo na haraka.

Mama, salamu kutoka Ol Kalou. Nina kondoo wanne wa sufu, na kila tukishawakata, manyoya hulala stoo hadi panya wayafanye kiota. Mwaka huu nimeazimia wajukuu wangu saba wapate kofia za sufu niliyoisokota kwa mkono wangu. Kufuma najua tangu shule ya msingi. Kusokota ndio kwanza nimeanza mwezi uliopita, kwa pia ya mti, kile kijiti chenye kisahani kinachozungushwa ili kusokota uzi. Zimebaki wiki saba. Je, nitawahi? – Nyanya wa saba

Nyanya mwenzangu, kofia saba utawahi. Ila ukitaka kofia nzima nzima ziwe za uzi wako, mkesha wa Krismasi utakukuta na kofia mbili mkononi na watoto watano wanakutazama. Ngoja nikupigie hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyoniokoa mimi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kusokota ulikuwa 1984, ule wa ukame, tulipokula mahindi ya njano. Kikundi cha akina mama kanisani kilitufundisha kutumia pia, na saa nzima ya kazi ilinipa uzi wa mita ishirini hivi. Nakuwekea wewe hizo hizo ishirini. Kofia ya mtoto wa miaka mitano hula mita zaidi ya mia za uzi uliopotwa, yaani nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Kwa hiyo unahitaji kusokota zaidi ya mita mia mbili kwa kila kofia, kisha kupota juu yake. Zidisha kwa saba, utaona kwamba kusokota peke yake ni zaidi ya saa sabini, kupota na kufuma bado, na kwa mwenye jiko na shamba hutamaliza.

Fanya hivi. Nunua uzi wa dukani wa kufumia mwili wa kofia, na uzi wako mwenyewe uwe mshipi unaozunguka kofia katikati: mizunguko minne tu. Kichwa cha mtoto wa miaka mitano kina sentimita kama 51, na kofia huifuma ikiwa pungufu kwa nne au tano ili ishike, kwa hiyo chukua 46. Mzunguko mmoja wa kufuma hula uzi kama mara tatu ya upana wake, karibu mita moja na nusu. Minne ni mita sita. Kofia saba ni mita 42 za uzi uliopotwa, kwa hiyo sokota mita 90 za uzi mmoja ili ubaki na akiba. Dakika kumi na tano kwa siku zitakupa mita tano, na siku kumi na nane zitakupa zote tisini. Nakusihi uifuate hiyo ya dakika kumi na tano kila siku, maana kusokota huingia mkononi kwa kurudiwa. Anayekaa saa tano Jumamosi, Jumamosi inayofuata huanza upya.

Mshipi huo usiuweke ukingoni mwa kofia. Uzi wa mwanafunzi huwa na manundu na hukuna, na paji la uso la mtoto lina ngozi nyepesi. Anza kufuma chini kwa uzi wa dukani, ukingo unaovutika, panda sentimita saba au nane, ndipo uweke mshipi wako, kisha umalizie utosi kwa uzi wa dukani. Kama mshipi haujawa tayari, usisimame. Hamishia vitanzi kwenye kipande cha uzi mwingine, funga ncha, anza kofia ya pili. Desemba ikiingia utakuwa na kofia saba nusu nusu zikisubiri mshipi, na kuzimalizia ni kazi ya jioni moja moja.

Sasa hiyo sufu ya stoo. Kwanza angalia kondoo wako ni wa aina gani. Corriedale, hata akiwa amechanganyika, atakufaa. Ni kondoo aliyepatikana New Zealand kwa kumpandisha Merino na Lincoln, na shungi lake, yaani kishada kimoja cha nywele za sufu, ni refu la kutosha kumsaidia anayejifunza. Kama wana damu nyingi ya Dorper au ya kondoo mwekundu wa Kimaasai, usijichoshe, hao wamebeba nywele. Kondoo wa Kimaasai ana sifa zake nyingine kubwa, hasa kustahimili minyoo, lakini kofia hakupi.

Tandaza sufu nzima ya kondoo mmoja chini, upande uliokatwa uangalie ardhi, utupe sehemu za tumbo, miguu na mkia. Iliyobaki ijaze kwenye mifuko ya neti ya vitunguu, usishindilie. Maji yawe ya moto kiasi kwamba mkono wako hauwezi kukaa ndani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha uzamishe mfuko na kuuacha. Usikoroge, usisugue. Dakika kumi na tano, toa kabla maji hayajapoa, maana yakipoa yale mafuta ya kondoo huganda tena kwenye sufu. Rudia mara mbili au tatu, na suuza kwa maji ya joto lile lile. Kilo tatu za sufu chafu zikikubakishia kilo mbili, au hata moja na nusu, usidhani umeibiwa. Kilichotoka ni mafuta na vumbi.

Shosho, habari yako. Mimi ni kijana wa Nakuru, miaka ishirini na mbili. Nilitengeneza pia kwa CD kuukuu na penseli nikaanza kusokota sufu niliyopewa na mjomba wa Molo. Uzi unakatika kila nikifika urefu wa mkono, pia inaanguka sakafuni, nimevunja CD mbili. Nyumbani wananiambia hii ni kazi ya wanawake. Nataka kumfumia mama skafu. – Mtoto wa kwanza

Mjukuu wangu, anayetaka kumfumia mama yake skafu ana haki ya kushika pia, na sufu haiulizi mkono ulioishika ni wa nani. Hilo tuliache hapo, twende kwenye uzi.

Chukua uzi ukishakatika, utazame ile ncha. Usiunge kwanza. Tazama. Kama ncha imefumuka kama ufagio mdogo, nywele zimelala laini zikielekea upande mmoja, basi uzi haukukatika, uliteleza. Nywele zimepishana bila kushikana kwa sababu msokoto haukutosha. Kama ncha ni ngumu, imejikunja kama mkia wa nguruwe, na pembeni kuna vifundo vinavyojiviringa, msokoto ulizidi hadi uzi ukawa mkavu kama kijiti. Anayeanza, mara nyingi tatizo lake ni la kwanza, na chanzo chake nakijua bila kukuona: pia yako inaishiwa nguvu, inasimama, kisha inaanza kuzunguka kinyume, wewe macho yako yako kwenye sufu juu. Kila mzunguko wa kinyume unafumua ulichosokota.

Kwa wiki mbili usiiache pia ining'inie. Kaa kwenye kiti. Funga uzi wa kuanzia, zungusha pia kwa kufuata mwendo wa saa, mara kumi, kumi na tano, msokoto ujae kwenye uzi. Kisha ibane pia katikati ya magoti, isiende popote. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto vibane uzi pale unapokutana na sufu, na huo ndio mlango: msokoto uko chini ya mlango, sufu iko juu yake. Mkono wa kulia uvute sufu taratibu hadi iwe nyembamba unavyotaka. Halafu, na hapa ndipo pa kutazama, legeza kidogo kidole cha kushoto ukisogeze juu. Utaona msokoto ukipanda wenyewe ndani ya zile nywele, kama maji yanavyopanda kwenye utambi, na ulichokuwa umeshika kama wingu kinakuwa uzi mbele ya macho yako. Msokoto ukiisha, zungusha pia tena, bana magotini, endelea.

Jambo jingine ni umbali wa mikono. Chomoa shungi moja la sufu ulipime kwenye rula. Kama lina sentimita tisa, mikono yako iachane zaidi ya hizo tisa unapovuta. Ikikaribiana, unakuwa umeshika unywele ule ule kwa ncha zote mbili, na unavuta kwa nguvu bila chochote kusogea, hadi bonge zima la sufu linachomoka kwa mpigo mmoja. Wengi hudhani sufu yao ni mbaya, kumbe ni mikono tu.

Na pia yako ni nyepesi. CD moja ina gramu kama 15. Tumia mbili zilizogundishwa, na lile tundu kubwa la katikati lizibe kwa kuzungushia penseli raba ya tyubu ya baiskeli hadi CD zikae imara bila kucheza. Chini weka blanketi, hutavunja nyingine.

Ukishapata vijiti viwili vya uzi, upote. Nyanya yangu hakuwahi kuona pia maishani mwake, lakini alisokota kila siku ya Mungu, mkonge wa viondo, pajani. Aliweka nyuzi mbili kando kando juu ya paja, akazisukuma mbele kwa kiganja, kila moja ikajisokota peke yake. Kisha, bila kuinua mkono, akazikutanisha na kuzirudisha nyuma pamoja, zikakumbatiana kuwa kamba moja isiyofumuka. Mbele kusokota, nyuma kupota. Kiondo chenyewe alikisuka hata akitembea kwenda sokoni, mzigo mgongoni, vidole vikihisi tu. Kanuni yako ni hiyo hiyo: ulisokota kwa kufuata saa, sasa pota kinyume cha saa. Ukifanya upande ule ule, skafu ya mama itapinda upande mmoja, na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Skafu ni kazi nzuri ya kwanza kwa sababu haina kipimo cha kichwa wala mguu. Lakini gramu 150 za uzi wa mkono kwa mwezi mmoja ni nyingi kwako. Fuma shingo ya mduara, ile ya kuvaa kichwani ikakaa kooni, gramu 60 au 70 zinatosha, sindano za milimita 6. Mama atafunikwa koo lote, na uzi wenye manundu kwenye sindano nene hupendeza.

Bibi, shikamoo. Nimeolewa Mombasa mwaka huu, nami nimetoka Kiambu ambako kila mtu anafuma sweta. Desemba shule zikifungwa ukoo wote wa mume wangu unakusanyika kwa mama mkwe. Nataka kumpa kitu cha mkono wangu, lakini sufu kwenye joto hili itakuwa ni kumwadhibu. Uzi wangu wote ni wa sufu. – Bi harusi wa Kisauni

Marahaba, mwanangu. Sufu iache sandukuni, chukua pamba. Mfumie mama mkwe mfuko wa sokoni wa pamba, ule wa matundu unaokunjika ukakaa kiganjani na ukifunguliwa unabeba nazi nne na mafungu ya mchicha. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, mfuko mzuri ni kitu anachokishika kila siku, na kila akiushika atakukumbuka. Kitako ukifume kwa kubana, sindano za milimita 4, mwili ukauache wazi kwa sindano za milimita 8. Mkanda ufume mara mbili ya upana unaodhani unatosha, kwa sababu pamba hulegea ikibeba uzito na mkanda mwembamba hukata bega. Kumbuka pia pamba haivutiki kama sufu: vidole vyako vya Kiambu vimezoea uzi unaosamehe, huu hausamehi, kwa hiyo usikaze.

Umeniuliza mwishoni mwa barua yako kama Waswahili wa pwani waliwahi kusokota chochote. Walisokota, mwanangu, na kwa karne nyingi. Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa kuwa visahani vya mviringo, vikatobolewa katikati. Hivyo ni visahani vya pia. Mtu alichukua chungu kilichovunjika, akakaa akakichonga, akakitoboa, akapitisha kijiti, akasokota pamba. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipopita pwani hii mwaka 1331 aliandika juu ya vitambaa vilivyofumwa Mogadishu na kupelekwa hadi Misri. Nikishika kigae chochote kilichovunjika jikoni mwangu humkumbuka mtu huyo wa Kilwa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, pamba ina nyuzi fupi, sentimita mbili na nusu au tatu, hivyo pia ikining'inia uzito wake utauchana uzi. Isimamishe ncha yake ndani ya kibakuli, izunguke humo, na msokoto uwe mwingi kuliko unaotia kwenye sufu. Lakini usijifunze hayo kwa zawadi ya mwaka huu. Mfuko kwanza.

Mama, rangi za dukani ni ghali. Nifanyeje nipate nyekundu ya Krismasi? – Wa Nyahururu

Nyekundu ile ya kung'aa hutaipata jikoni. Utakayoipata ni ya waridi iliyokolea kidogo, kutoka kwa kokwa na maganda ya parachichi. Yakate, yachemshe kwa moto mdogo saa nzima, chuja, tia sufu iliyolowa tayari, moto mdogo tena saa moja, iache ilale humo hadi asubuhi. Maganda makavu ya vitunguu hutoa manjano hadi rangi ya chungwa: kwa gramu 100 za sufu, gramu 100 za maganda, na kabla yake loweka sufu kwenye maji ya moto yenye gramu 12 za shabu. Usiache maji yatokote, na sufuria hiyo isirudi kupikia chakula.

Shikamoo bibi. Naandika kutoka Makete, huku kwenye baridi kali. Nina mapacha wa miezi mitatu. Nilinunua uzi mjini, muuzaji akaniapia ni sufu tupu, nikawafumia vikofia. Watoto wanatoka jasho kichwani na bado vichwa ni baridi. Jirani ana kondoo, lakini naogopa sufu ya kienyeji itawawasha. – Mama mapacha

Marahaba mama mapacha, na hongera. Kata kipande cha uzi huo urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukiwashe kiberiti, watoto wakiwa mbali. Sufu huungua kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabonyeza husagika. Ukiona uzi unayeyuka na kubaki kidonge kigumu kinachong'aa, huo si sufu, mara nyingi ni akriliki, imetokana na mafuta ya petroli. Akriliki hainywi jasho, inaliacha juu ya ngozi, na jasho hilo ndilo linalopoa usiku. Nami niliwahi kuuziwa hivyo hivyo, dukani, kwa bei ya sufu, nikafuma sweta zima ndipo nikajua. Tangu siku hiyo sinunui uzi bila kuomba kipande cha kuchoma.

Kuhusu kuwashwa, nenda kwa jirani siku anayokata kondoo, umwombe mambo mawili. Kwanza, sufu ya mwanakondoo anayekatwa mara yake ya kwanza, kwa sababu ncha zake hazijawahi kukatwa na ni laini. Pili, sehemu ya mabega. Kwenye kondoo mmoja sufu haifanani: mabegani ni nyembamba kuliko zote, ukishuka kuelekea mapajani inazidi kuwa nene na kukwaruza. Ioshe, sokota kidogo, kisha weka uzi shingoni mwako chini ya kanga kwa nusu saa ukiendelea na kazi zako. Usipouhisi, kuna matumaini mtoto naye hatauhisi.

Vikofia uvifume kwa kubana bila matundu ya mapambo, vidole vya mtoto hunasa humo. Visiwe na kamba za kufunga kidevuni wala kishada kinachoweza kung'oka. Na wakilala ndani, wavue.

Mama, habari za nyumbani. Niko Minnesota, miaka tisa sasa. Krismasi iliyopita nilimfumia mama yangu, aliye Nyeri, soksi za sufu safi, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri. Mwezi wa pili akanitumia picha: zimekuwa ndogo na ngumu kama za mwanasesere. Alizichemsha pamoja na mashuka. Hakujua. Nililia. Mwaka huu nataka kumfumia nyingine, lakini naogopa. – Binti wa Nyeri

Binti yangu, sufu ni nywele, na kila unywele una magamba madogo kama ya samaki. Joto, sabuni na kusuguliwa huyafungua, yakashikana, na yakishashikana hayaachani tena. Sweta la kwanza nililomfumia baba yangu nililiua mimi mwenyewe kwa karai la maji ya moto, mwaka wa 1986. Alilivaa mara tatu tu. Najua ulichokililia.

Mwaka huu nunua uzi wa soksi ambao robo yake ni nailoni na sufu yake imetiwa dawa kiwandani isigandamane. Huko uliko unapatikana kwa urahisi, na kwenye karatasi yake huandikwa kwamba unafuliwa kwa mashine. Ninapenda uzi wa mkono kuliko wote, lakini kwa mama anayefua mwenyewe au kufuliwa na wengine, sikushauri. Uzi wako wa mkono, kama umeanza kusokota kama ulivyoniambia, mtengenezee kitu kisichofuliwa mara kwa mara: kijifuko cha kuwekea miwani, au shali ndogo ya kanisani.

Soksi za mama mzee zina mambo yake. Umesema miguu yake huvimba jioni. Usizifume kama zako. Ukingo wa juu uuanze kwa vitanzi vilivyolegea, tumia sindano nene zaidi hapo peke yake, na ukishamaliza ujaribu kuuvuta hadi uingie juu ya goti lako wewe; ukikataa, fumua. Chini ya kisigino na chini ya vidole shonea vipande vya ngozi laini, upande wake wa kukwaruza ukielekea sakafuni. Sakafu za nyumba zetu nyingi ni za saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa hadi zing'ae, na soksi tupu juu yake huteleza. Mama akianguka, soksi hazitakuwa zawadi tena.

Andika maagizo ya kufua kwa lugha anayoisoma yeye, kwa mkono wako, kwenye kitambaa cheupe kwa kalamu isiyofutika, ukishone ndani ya kijifuko cha soksi: maji baridi, mikono miwili, usikamue, anika kivulini. Kama ni mwingine anayefua, naye atayasoma. Na tafuta mtu anayesafiri mapema Desemba, umkabidhi mkononi.

Zile zilizogandamana mwambie mama asizitupe. Sufu iliyogandamana haifumuki ukiikata. Akate mguu mmoja kwa mkasi, vipande viwili vya mraba vya kushikia sufuria ya moto, na wa pili aukate uwe vipande vya kuweka chini ya visigino ndani ya viatu vyake vya mvua. Nyeri Julai ina baridi, na miguu yake itakuwa juu ya soksi ulizomfumia.